Betri Isiyokaa na Chaji, Kompyuta Inayochemka: Mwongozo wa Kuchunguza Kompyuta Mpakato Iliyozeeka

Kompyuta mpakato ikishatumika kwa miaka mitano au zaidi, malalamiko yanayosikika kuihusu huwa ni yale yale mawili, kwamba haikai na chaji na kwamba inachemka hadi haiwekeki mapajani. Wenye kompyuta hizo huyachukulia kuwa maradhi mawili yasiyohusiana, kwa hiyo hununua betri mpya kwa ajili ya lile la kwanza na kulivumilia lile la pili, ilhali joto ni miongoni mwa mambo yanayoichakaza betri kwa kasi kubwa zaidi, na mtumiaji ana uwezo wa kulidhibiti. Mwongozo huu unazingatia hasa kompyuta za kiofisi kama vile Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, ambazo huingia Afrika Mashariki baada ya kutumika kwa miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, Marekani na kwingineko, kisha zikauzwa upya katika maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mnunuzi wake hupata mashine imara, lakini mara nyingi betri yake imekwisha kuzeeka na feni yake imebeba vumbi la miaka. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba pesa ya betri isitoke mfukoni mpaka chanzo cha tatizo kiwe kimetengwa kwa vipimo, na mpaka joto liwe limeshughulikiwa kwanza.

Betri inavyozeeka

Betri za kompyuta hizi ni za lithiamu-ioni, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na ambayo ubunifu wake uliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Ndani ya ganda la betri mna seli kadhaa, kila moja ikiwa na wastani wa volti 3.6 au 3.7 na kufikia takriban volti 4.2 inapojaa, hivyo betri iliyoandikwa volti 10.8 au 11.1 ina safu tatu za seli zilizounganishwa kwa kufuatana, na ile ya volti 14.4 au 14.8 ina safu nne. Pamoja na seli hizo mna kibao kidogo cha elektroniki ambacho hupima volti na joto, hukata umeme mambo yanapovuka mpaka wa usalama, na huiarifu kompyuta asilimia ya chaji iliyobaki.

Kadiri seli inavyochajiwa na kutumika, sehemu ndogo ya lithiamu yake hunaswa katika utando unaojengeka juu ya elektrodi, yaani bamba la ndani linalopokea ioni wakati wa kuchaji, na lithiamu iliyonaswa hairudi tena kazini. Betri huwa kama mtungi uliojaa mashapo chini, ambao hufurika upesi na kuisha upesi kwa sababu nafasi ya maji imepungua. Ndiyo maana asilimia 100 inayoonyeshwa na betri ya miaka saba hailingani na asilimia 100 ya siku ilipotoka kiwandani. Betri nyingi za kizazi hicho zilikusudiwa kubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500, mzunguko mmoja ukiwa ni matumizi yanayofikia jumla ya asilimia 100, hata kama yametimia kwa siku mbili za nusu nusu. Kuna mambo mawili yanayoharakisha uchakavu huo bila kujali idadi ya mizunguko, nayo ni joto na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa kabisa. Kompyuta inayochemka huku imechomekwa kwenye umeme mchana kutwa huipatia betri yake yote mawili kwa pamoja.

Kutoka ukutani hadi kwenye seli

Kompyuta inapokataa kuchaji, uchunguzi hufuata njia ya umeme wenyewe, kuanzia soketi ya ukutani hadi kwenye betri, kwa kuwa hitilafu za mwanzo wa njia hiyo ndizo rahisi kugundua na ndizo nafuu kurekebisha. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, ambako plagi ya miguu mitatu bapa ya mtindo wa Kiingereza imeenea, ndani ya plagi yenyewe mna fyuzi ndogo ambayo huweza kuungua umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na chaja nzima ikadhaniwa kuwa imekufa ilhali kilichokufa ni kipande kinachobadilishwa kwa bisibisi. Kwa hiyo chaja hujaribiwa kwanza kwenye soketi nyingine, bila waya wa kurefushia, na ikiwezekana kwa waya mwingine wa upande wa ukutani, kabla ya hukumu yoyote kutolewa.

Chaja yenyewe husomwa lebo yake. Chaja za kompyuta nyingi hupokea volti 100 hadi 240 na kutoa volti 19, 19.5 au 20, na kanuni ya kufuata ni kwamba volti zinazotoka zilingane na zinazodaiwa na kompyuta, wakati ampea ziwe sawa au zaidi, kwa sababu kompyuta huvuta kiasi inachohitaji tu. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, hivyo chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Kompyuta ya wati 65 ikipewa chaja ya wati 45 huweza kuwaka na kufanya kazi lakini isichaji, au ichaji inapozimwa tu, na mwenye kompyuta akaamini kwamba betri ndiyo mbovu. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba chaja za Dell na HP zenye plagi ya mviringo huwa na pini nyembamba katikati, ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Pini hiyo ikivunjika, au waya wake ukikatika ndani, kompyuta za Dell huendelea kuwaka lakini hukataa kuchaji na hupunguza kasi ya kichakataji, yaani chombo kinachofanya hesabu zote za mashine, huku zikionyesha onyo kwamba aina ya chaja haitambuliki. Chaja za bei rahisi zisizo na utambulisho huo huleta dalili hizo hizo.

Kwa kompyuta zinazochaji kupitia tundu la USB-C hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa chaja na kompyuta hukubaliana zenyewe kuhusu volti za kutumia, kuanzia 5 hadi 20, na makubaliano yasipofikiwa chaja hubaki kwenye volti 5 ambazo kompyuta nyingi haziwezi kuzitumia kuchaji. Chaja ya simu, hata yenye tundu linalolingana, kwa kawaida haina wati za kutosha, na waya nao una mipaka yake, kwani kupitisha zaidi ya wati 60 kunahitaji waya uliotengenezwa kwa ajili ya ampea 5.

Anayemiliki maltimita, kipimo cha volti kinachopatikana kwa mafundi wengi wa redio na simu, anaweza kupima ncha ya chaja ya mviringo. Kipimo kikiwa chini sana au kikipandapanda, chaja ni mbovu. Hata hivyo kipimo kizuri hakithibitishi uzima wa chaja, kwa sababu chaja iliyochoka huweza kuonyesha volti 19.5 ikiwa haina mzigo na kuporomoka pale kompyuta inapoanza kuvuta umeme. Kuazima chaja nyingine halisi ya aina ile ile ni ushahidi wenye nguvu zaidi. Wanaotumia umeme wa jua wanapaswa pia kuichunguza inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya jua kuwa wa nyumbani, kwa maana zile za bei nafuu hutoa umeme wenye mawimbi yasiyo laini ambao huifanya chaja ivume na kupata joto lisilo la kawaida.

Baada ya chaja huja tundu la kuchomekea. Chaji inayoingia na kutoka plagi inapotikiswa, au tundu linalopata moto kuliko sehemu nyingine, huashiria mguso uliolegea, na kuendelea kuegemeza waya kwa kitabu au kuukunja ili ushike ni kuukaribisha moto. Katika modeli nyingi za kiofisi tundu hilo limeunganishwa kwa waya mfupi unaochomolewa, kwa hiyo fundi hulibadilisha bila kuchomelea chochote kwenye bodi mama, na gharama yake huwa ndogo mno ikilinganishwa na ya betri.

Ujumbe usemao kwamba kompyuta imechomekwa lakini haichaji mara nyingine si hitilafu hata kidogo. Lenovo, HP, Dell na ASUS zina programu za kulinda betri zinazosimamisha chaji kwenye asilimia 80, au 60 kwa baadhi ya modeli, na kompyuta iliyotoka ofisini huweza kuwa imeachiwa mpangilio huo na mmiliki wa kwanza. Mipangilio hiyo hutafutwa katika programu ya kampuni husika au ndani ya BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye bodi mama ambayo huamka kabla ya mfumo wa uendeshaji. Pia kibao cha betri husimamisha chaji chenyewe betri inapokuwa na joto kali, aghalabu linapofikia nyuzi joto 45 au zaidi kidogo, na katika kompyuta inayochemka hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Kompyuta iliyokataa kuchaji mchana ikakubali asubuhi kabla ya kuwashwa imekwisha kutoa jibu lake.

Yote hayo yakiwa sawa, umeme uliobaki ndani ya saketi huondolewa: kompyuta huzimwa, chaja huchomolewa, betri hutolewa, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa takriban sekunde 30 kabla ya kurudisha chaja peke yake. Kompyuta ikiwaka vizuri kwa chaja bila betri, chaja na tundu vimethibitika kufanya kazi, na shaka inahamia kwenye betri au saketi ya kuchajia. Kwa modeli zenye betri ya ndani, ThinkPad nyingi zina chaguo la BIOS la kuitenga betri kwa muda, na katika nyingine huhitajika kufungua mfuniko wa chini na kuchomoa waya wa betri kwa uangalifu.

Kuisoma betri kwa takwimu zake

Kukisia uzima wa betri kwa saa inazokaa ni desturi isiyofaa, kwa kuwa muda huo hutegemea mwanga wa skrini na kazi inayofanywa. Katika Windows 8 na matoleo yaliyofuata, amri «powercfg /batteryreport» ikiandikwa katika dirisha la amri hutengeneza ripoti inayofunguliwa kwa kivinjari, na ndani yake mna namba mbili zinazotosha kwa uamuzi: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo wa sasa betri inapojaa. Betri iliyotengenezwa na uwezo wa miliwati-saa 48,000 ambayo sasa hujaa kwa 24,000 imebaki na nusu, na hakuna programu wala ujanja wa fundi utakaomrudishia mwenyewe nusu iliyopotea. Watumiaji wa Linux hupata namba hizo hizo kwa amri ya «upower», na wa Mac huona idadi ya mizunguko na hali ya betri katika taarifa za mfumo.

Inatokea pia kwamba ripoti inaonyesha uwezo wa kuridhisha lakini kompyuta huzimika ghafla ikiwa kwenye asilimia 40. Sababu zake huwa mbili. Huenda hesabu ya kibao cha betri imepotea, na tiba yake ni kuijaza betri hadi asilimia 100, kuiacha itulie, kuitumia mpaka kompyuta ijizime, kisha kuijaza tena bila kukatiza. Zoezi hili hurekebisha hesabu tu wala haliongezi uwezo, hivyo kulirudia kila wiki ni kuichakaza betri bure. Huenda pia seli moja imedhoofika kuliko wenzake, nayo volti zake huporomoka kila kichakataji kinapohitaji nguvu ya ghafla, na hapo kibao hukata umeme ili kuilinda. Zoezi la kujaza na kumaliza lisipoleta nafuu, seli ndiyo yenye kosa na betri imefika mwisho wake.

Hali moja haisubiri kipimo chochote, nayo ni betri kuvimba. Seli bapa zinapoharibika hutoa gesi ndani ya mfuko wake, na dalili zake ni pedi ya kugusia kuinuka au kugoma kubofyeka, kibodi kupinda kwenda juu, au kompyuta kuyumba ikiwekwa juu ya meza iliyo sawa. Kompyuta ya namna hiyo huzimwa, huchomolewa kwenye umeme na kutochajiwa tena hata kwa dakika chache za kumalizia kazi, na betri yake hutolewa bila kubanwa, kukunjwa wala kutobolewa, kwa sababu seli iliyotobolewa huweza kuwaka moto unaojiendeleza wenyewe na kutoa moshi wenye sumu. Uzito wa jambo hili ulidhihirika Agosti 2006, pale Dell ilipolazimika kurudisha kiwandani betri milioni 4.1 zenye seli za Sony kwa hatari ya kushika moto. Ushauri wa mitaani wa kuitoboa betri ili «itoe upepo» ni wa kupuuzwa bila mjadala.

Joto: kusoma upepo wa feni

Kichakataji hupozwa kwa bamba la shaba linalokigusa, bomba bapa lenye kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke na kulibeba joto hadi ukingoni, mapezi membamba ya chuma, na feni inayopuliza hewa kupitia mapezi hayo. Kila kiungo katika mnyororo huu huzeeka kwa namna yake, na upepo unaotoka kwenye tundu la pembeni hueleza ni kipi kilichozembea. Upepo ukiwa haba huku kompyuta ikiwa ya moto, njia ya hewa imeziba au feni imechoka. Upepo ukiwa mwingi lakini wa baridi, ilhali programu ya kupima joto kama HWiNFO inaonyesha kichakataji kipo kwenye nyuzi 95, joto halifiki kwenye mapezi, na kosa lipo kwenye bomba au kwenye grisi ya kupitisha joto, ile pasta nyembamba inayojaza nafasi kati ya kichakataji na bamba la shaba. Upepo ukiwa mwingi na wa moto, upozaji unafanya kazi yake na kinachotakiwa kuchunguzwa ni mzigo: orodha ya programu zinazoendelea, ambayo katika Windows hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mara nyingi humfichua mhusika mmoja anayekula nusu ya nguvu ya kichakataji, awe ni masasisho, kivinjari chenye kurasa nyingi au programu hasidi.

Kwa kompyuta nyingi za aina hii, nyuzi joto 40 hadi 55 wakati wa utulivu na 80 hadi 95 wakati wa kazi nzito si jambo la kutisha, na vichakataji vingi vya Intel hujipunguzia kasi vyenyewe vinapokaribia nyuzi 100. Joto la chumba hata hivyo huhesabika, kwa maana kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye kichakataji na kwenye betri. Apple hupendekeza kompyuta zake zitumike katika nyuzi 10 hadi 35, na mtumiaji wa Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, ambako mchana huvuka nyuzi 30, anafanya kazi karibu na mpaka wa juu hata kabla ya kuiwasha mashine. Godoro, mto na kitanga hufunika matundu ya chini na kuimaliza nafasi hiyo ndogo iliyobaki. Ubao mgumu au sinia bapa chini ya kompyuta, pamoja na kitu cha kuinua upande wa nyuma kwa sentimita mbili, husaidia kuliko watu wanavyotarajia.

Vumbi lenyewe halionekani kwa nje, kwani hujikusanya kati ya feni na mapezi na kushikamana mithili ya kitambaa kizito, na kulipulizia kupitia tundu la pembeni huishia kulisogeza tu. Usafi wa kweli huhitaji kompyuta kuzimwa, chaja kuchomolewa, mfuniko wa chini kufunguliwa na waya wa betri kutenganishwa kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Feni hushikiliwa kwa kidole au kijiti wakati wa kupuliza, kwa sababu blowa ya fundi huizungusha kwa kasi iliyopita kiasi na kuziharibu beringi zake. Grisi ya kupitisha joto iliyokaa miaka mingi huwa imekauka na kupasuka. Ya zamani hufutwa kwa spiriti kali na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpya hupakwa kiasi cha punje ya mchele, na skrubu za bamba hukazwa kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake. Mahali palipokuwa na pedi laini ya mpira pasipakwe grisi, kwa kuwa pedi huziba pengo ambalo grisi haiwezi kulijaza.

Ikiwa kufungua kompyuta hakuwezekani kwa sasa, Windows ina mpangilio wa nguvu unaoruhusu kiwango cha juu cha kichakataji kushushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, hatua ambayo katika vichakataji vingi vya Intel huzima ule mwendo wa ziada wa muda mfupi na kupunguza joto kwa kiasi kinachohisika mkononi, huku kazi za kawaida za maandishi na mtandao zikiendelea bila kuathirika sana.

Betri mpya na betri ya zamani

Joto likishapungua, na ripoti ikiwa imethibitisha kwamba betri imefika mwisho, namba ya sehemu iliyoandikwa kwenye betri ya zamani ndiyo inayoongoza ununuzi, wala si jina la kompyuta pekee, kwa sababu modeli moja huweza kuwa na betri za maumbo tofauti. Betri ya volti 10.8 na ya 11.1 hubadilishana kwa kuwa zote zina safu tatu za seli. Ya volti 14.8 haiwezi kuwekwa badala yake. Ukubwa hulinganishwa kwa wati-saa, zinazopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa, hivyo betri ya volti 11.1 na ampea-saa 5.2 ina takriban wati-saa 58, na muuzaji anayetangaza mara mbili ya kiasi hicho katika ganda lenye ukubwa ule ule anauza lebo. Betri huzeeka hata ikiwa rafuni, kwa hiyo ni haki ya mnunuzi kuomba iwekwe kwenye kompyuta palepale dukani na ripoti isomwe mbele yake. Kubadilisha seli peke yake ndani ya ganda la zamani hakupendekezwi hapa, kwa sababu kibao huendelea kukumbuka uwezo wa zile zilizotolewa, na kuchanganya seli za umri tofauti hurudisha tatizo la seli moja dhaifu.

Mwenye kompyuta inayokaa mezani ikiwa imechomekwa siku nzima hufaidika kwa kuweka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80, ingawa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara ana sababu halali ya kuiacha ijae, akijua kwamba ananunua saa za leo kwa miezi ya baadaye. Kompyuta inayowekwa kabatini kwa muda mrefu huachwa na chaji ya nusu, kwa kuwa seli zinazoshuka mno huweza kukataliwa na kibao cha usalama zisichaji tena.

Betri iliyotolewa haitupwi jalalani wala kuchomwa pamoja na taka za nyumbani. Vituo vyake vya metali hufunikwa kwa utepe wa plastiki ili visigusane na kitu cha chuma, kisha betri huwekwa mahali pakavu mbali na moto mpaka ifikishwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi au kiwanda cha Enviroserve kilichoko Bugesera nchini Rwanda. Na mahali pasipo na kituo cha namna hiyo, muuzaji wa betri mpya huulizwa kama anapokea za zamani kabla ya bei kukubaliwa.